Kifyatulio cha Uta wa Mtambo: Historia ya Jino, Kokwa na Mafuta

Katika silaha zote za kale zitumiazo nguvu ya mti au chuma kilichopindwa, uta wa mtambo ndio uliotenga kazi mbili ambazo katika uta wa kawaida hufanywa na vidole vile vile: kazi ya kuushika ugwe uliovutwa, na kazi ya kuuachilia. Mwenye uta wa kawaida huvuta, hulenga, kisha huachilia kabla mkono haujachoka. Mwenye uta wa mtambo huufunga ugwe kwenye kifaa kidogo kilichotiwa ndani ya mti. Kifaa hicho huuchukua mzigo wote, naye hubaki na kazi moja tu, kukifyatua. Makala haya yanakiita kifyatulio. Aghalabu hakizidi kiganja cha mkono kwa ukubwa, lakini uzima wa silaha nzima umo ndani yake; na kikiwa kibovu, anayeushika uta yumo hatarini kabla ya anayelengwa.

Waandishi wa historia ya silaha wameeleza kwa urefu nguvu za mata hayo, vita yaliyopigana na umbali wa mishale yake. Juu ya utunzaji wa kifyatulio wamesema machache, kana kwamba usafi na mafuta ni kazi ya mtumishi isiyostahili kuandikwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume cha hayo. Tangu China ya kale hata meza ya mtu asafishaye uta wake nyumbani leo, historia ya kifyatulio ni historia ya kupimana na msuguano. Asiyeutia msuguano katika hesabu hawezi kueleza kwa nini mafundi walichagua shaba, pembe au pua, wala kwa nini kazi ndogo kama kufuta vumbi yaweza kufichua kasoro iliyojificha miaka mingi.

I. Jina

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walijua uta, mshale, podo na sumu ya mishale tangu kale, kisha wakajua gobori na bunduki ya fataki. Uta wa mtambo haukuwa silaha yao. Majeshi ya Wareno yaliyoingia bahari hii mwanzoni mwa karne ya 16 yalikuwa na wapigaji wake, lakini zama za silaha hiyo zilikuwa zikipita, na baruti ikashika mahali pake. Ndiyo sababu Kiswahili hakina jina moja la kale lililokaa. Wanaoutaja leo aghalabu husema upinde wa msalaba, jina linaloeleza umbo, maana uta umelazwa juu ya mti kwa kukingama. Lakini umbo si asili ya kitu hiki. Asili yake ni kule kutegwa.

Neno mtambo lafaa zaidi. Katika Kiswahili cha zamani mtambo ni kitu chenye kamani, au kitegwacho kikafyatuka: mtego wa mnyama, chuma cha bunduki kipigacho fataki, hata vyombo vilivyomo ndani ya saa. Baadaye neno likapanuka likaingia viwandani, na leo mitambo ni mashine kubwa za umeme na za maji. Vitenzi viwili hufuatana nalo: kutega, yaani kuiweka nguvu mahali pa kungoja, na kufyatua, yaani kuiruhusu itoke kwa ghafula. Uta wa mtambo, basi, ni uta utegwao na kufyatuliwa. Msomaji ataona hapa chini kwamba si Waswahili peke yao walioiona mashine yote katika kitu kidogo kinachofyatuka.

II. Jino la shaba

Uta huu kwa Kichina huitwa nu. Vifyatulio vya shaba iliyochanganywa na bati vilikuwa vikitumika huko katika zama za Madola Yanayopigana, karne za 5 hadi 3 kabla ya Kristo. Ushahidi ulio mashuhuri kupita wote umetoka karibu na mji wa Xi'an, kwenye kaburi la Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo akafa mwaka 210. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima walilifichua jeshi la askari wa udongo lililozikwa kumlinda. Mbao za mata ya jeshi hilo zilikuwa zimeoza, lakini vifyatulio vya shaba vilibaki, na katika kubaki kwake mtu aweza kusoma fikira za mafundi wa wakati ule.

Kifyatulio cha Kichina kina sehemu tatu zinazocheza, nazo hushikwa na pini mbili. Ya kwanza ni jino, lenye ncha mbili zinazoushika ugwe, na nyuma yake umesimama ubapa wa kulengea shabaha. Ya pili ni kizuio, kipande kilichopindika kikaacho ndani na kulizuia jino lisiiname. Ya tatu ni mkono wa kuvutia, unaoning'inia chini ya mti. Ugwe uliotegwa huegemea jino; jino huegemea kizuio; kizuio huegemea ncha ya mkono wa kuvutia. Kidole kiuvutapo mkono huo nyuma, kizuio hukosa pa kuegemea, jino huinama mbele, na ugwe huponyoka.

Hekima ya mpango huu imo katika ngazi zake. Mzigo mkubwa wa ugwe hupunguzwa na wenzo wa kwanza, hupunguzwa tena na wenzo wa pili, hata kidole hakidaiwi ila nguvu kidogo. Lakini kila ngazi ni mahali pa nyuso mbili kukutana, na kila mahali pa kukutana pana msuguano. Fundi aliyeongeza ngazi aliongeza raha ya kidole, na papo hapo aliongeza mahali pa kuingia mchanga. Suluhisho lake lilikuwa katika zile pini mbili. Zikichomolewa, kifyatulio chote hutoka kipande kimoja kimoja pasipo kuuharibu mti. Hufutwa, hutazamwa, kikarudishwa. Kitu kisichoweza kufunguliwa hakiwezi kusafishwa kwa hakika, na jambo hilo lilikuwa limekwisha kufahamika.

Vifyatulio vya jeshi la udongo vilikaa moja kwa moja ndani ya mti. Katika zama za Han zilizofuata, kuanzia mwaka 206 kabla ya Kristo hadi mwaka 220 baada ya Kristo, sehemu hizo zilitiwa kwanza katika kasha la shaba, kisha kasha ndilo lililotiwa ndani ya mti. Faida yake ni dhahiri. Tundu la pini katika mti hupanuka kwa mzigo na kwa unyevu, na sehemu zikianza kuyumba hugusana mahali pasipokusudiwa. Tundu katika shaba hubaki kama lilivyo. Kasha lilitunza vipimo, na kwa kutunza vipimo lilitunza ule mgusano mwembamba wa jino na kizuio ambao ndio roho ya kifaa.

Mwaka 2014 Xiuzhen Janice Li na wenzake walichapisha katika jarida la Antiquity uchunguzi wa vipimo vya vifyatulio vya kaburi la Qin. Walionyesha kwamba vilitengenezwa kwa mafungu, yaani vya fungu moja vinalingana wenyewe kwa wenyewe kuliko vinavyolingana na vya mafungu mengine. Habari hii yapunguza kidogo sifa iliyozoeleka kwamba kila kipande kingeweza kukaa popote. Kwa mwenye kusafisha ina maana moja kubwa: vipande vilivyozoeana havifai kutenganishwa. Uso wa jino na uso wa kizuio husuguana hata kila mmoja ukachukua sura ya mwenziwe, na kuvichanganya ni kuanza safari hiyo upya.

Wachina hawakuacha mambo haya mikononi mwa askari peke yao. Katika eneo la Juyan, kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi, vilifukuliwa mwaka 1930 na 1931 vibao vya mbao karibu 10,000 vyenye maandishi ya ngome za Han. Humo mata ya mtambo yametajwa kwa nguvu zake, kwa kipimo kiitwacho shi, ambacho kimoja ni karibu kilo 30. Uta wa shi 6, basi, ulikaribia kilo 180. Humo pia kasoro za silaha zimeandikwa. Dola lililoandika kasoro ya uta katika daftari moja na chakula cha askari lilikuwa limekiri kwamba silaha isiyokaguliwa si silaha.

Kwa msomaji wa lugha, hazina iliyo bora imo katika kamusi iitwayo Shiming, iliyotungwa na Liu Xi karibu na mwaka 200 baada ya Kristo. Mtungaji huyo alieleza sababu ya majina. Mti wa uta huitwa mkono kwa kufanana na mkono wa mtu. Kishikacho ugwe huitwa ya, yaani jino. Kilizungukacho jino huitwa guo, neno litumiwalo pia kwa ukuta wa nje wa mji. Cha kuvutia huitwa xuandao, kisu kinachoning'inia, kwa sababu ya umbo lake. Na kifaa chote huitwa ji, neno alilolifasiri kwa ustadi wa kazi, na tena kwa egemeo la mlango lifunguapo na kufunga kwa kiasi chake. Neno hilo ji halikuishia hapo. Katika Kichina cha leo jiqi ni mashine na feiji ni eropleni. Njia ya ji na njia ya mtambo zafanana kama nyayo za watu wawili wasiojuana: zote mbili zilipita kwenye kitu kidogo kifyatukacho na kufika kwenye mashine kubwa, ijapokuwa lugha hizi mbili hazikuazimana.

III. Ukucha wa kobe

Kusini mwa China, Wavietnamu wana hadithi ya kale inayotilia mkazo jambo hili kuliko maandishi yoyote ya kijeshi. Mfalme An Dương Vương, aliyejenga ngome ya Cổ Loa karibu na mahali ulipo mji wa Hanoi leo, alisaidiwa na Kobe wa Dhahabu, aliyempa ukucha wake ufanywe kifyatulio. Uta uliotiwa ukucha huo haukushindwa na jeshi lolote. Adui, alipoona vita havimfai, alimwoza mwanawe kwa binti wa mfalme. Kijana yule aliuona uta kwa siri, akaubadili ukucha kwa mwingine wa uongo. Vita viliporudi, mfalme alikaa ametulia akiutumaini uta wake, na ufalme ukapotea.

Hadithi si historia, lakini hadithi hii ilitungwa na watu walioijua silaha. Adui hakuuiba uta, wala hakuukata ugwe, wala hakuichoma mishale. Alibadili kipande kimoja kidogo kisichoonekana kwa nje. Mwaka 1959 maelfu ya vigumba vya shaba vilifukuliwa Cổ Loa, na hapana shaka tena kwamba mahali hapo palikuwa na nguvu kubwa ya mishale. Maonyo ya hadithi yabaki yale yale: uta waweza kuonekana mzima hali kifyatulio chake kimekwisha kufa.

IV. Mkono, kokwa na kijiti

Wayunani nao walikuwa na uta wa namna hii, uliotegwa kwa kuegemezwa tumboni. Heron wa Alexandria, aliyeandika katika karne ya 1 baada ya Kristo, alikieleza kifyatulio chake: kiungo kishikacho ugwe kiliitwa cheir, yaani mkono, nacho kilizuiwa kwa nyuma na kipande kilichovutwa kando wakati wa kupiga. Wachina walisema jino, Wayunani mkono, Wavietnamu ukucha. Kila mmoja alitafuta katika mwili wa kiumbe kile kiungo kishikacho na kuachilia.

Katika Ulaya ya karne za kati jina likatoka katika mwili likaingia katika matunda. Wafaransa walikiita kiungo hicho noix na Wajerumani Nuss, yaani kokwa, kwa sababu kilikuwa kipande cha mviringo, kilichokerezwa aghalabu kutoka katika pembe ya ayala na baadaye kutoka katika chuma. Kokwa lililazwa katika shimo lililochimbwa ndani ya mti. Juu yake palikatwa mfereji wa kuupokea ugwe, na chini yake pengo dogo, aghalabu likiwa limetiwa kipande cha chuma, lililopokea ncha ya wenzo mrefu uliopita chini ya mti. Mpigaji alipoubana wenzo huo juu, ncha yake ilitoka katika pengo, kokwa likazunguka, ugwe ukaenda.

Mpango huu una ngazi moja tu, nao ulitegemea urefu wa wenzo kufanya kazi ambayo Wachina waliifanya kwa vipande viwili. Lakini katika namna ya kuchukua mzigo ulikuwa na akili yake. Kokwa halikutegemea pini nyembamba. Katika mata mengi lilizuiwa mahali pake kwa uzi uliopitishwa katikati yake, na mzigo wa ugwe uliangukia ukuta wa shimo lenyewe. Uso mpana wa pembe laini ulizunguka katika shimo lililosuguliwa vizuri. Pembe ya ayala ilichaguliwa kwa sababu ni ngumu pasipo kuvunjika upesi, na uso wake hukubali kung'arishwa. Uzi uliweza kukatwa na kufungwa upya. Kwa hiyo hapa pia njia ya kukitoa kifaa, kukifuta na kukirudisha ilikuwa imewekwa tangu mwanzo.

Sifa za silaha hii huko Ulaya zajulikana. Mtaguso wa pili wa Laterano mwaka 1139 uliikataza isitumiwe dhidi ya Wakristo, na Mfalme Richard wa Uingereza alikufa mwaka 1199 kwa jeraha lake. Kadiri nguvu za mata zilivyopanda, hasa baada ya kuanza kufanywa kwa pua, mkono wa mtu haukutosha tena kuyatega. Zikatumika nyenzo za namna ya kwato la mbuzi, roda, na magurudumu ya meno. Ralph Payne-Gallwey, katika kitabu alichokitoa mwaka 1903, alieleza uta wa kale wa pua alioutengeneza na kuupiga, wenye nguvu za ratili 1,200, yaani karibu kilo 545, ambao mshale wake ulivuka mlango wa bahari wa Menai, mwendo wa yadi 460. Mzigo wa kilo 545 ulikaa juu ya kokwa moja, ukazuiwa na ncha ya wenzo mmoja. Kwa mzigo wa namna hiyo tone la mafuta si anasa.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Wafang wa Gabon na nchi jirani walitumia uta wa mtambo uliopiga mishale myembamba yenye sumu, nao ulielezwa na Paul du Chaillu katika kitabu chake cha mwaka 1861. Kifyatulio chake hakina chuma hata kidogo. Mti wa uta umepasuliwa kwa urefu ukawa pande mbili; ugwe hukaa katika pengo la upande wa juu, na kijiti kilichosimama juu ya upande wa chini hupenya tundu lililo chini ya pengo hilo. Pande mbili zikibanwa pamoja, kijiti huusukuma ugwe nje. Henry Balfour wa Oxford, mwanzoni mwa karne ya 20, alionyesha kwamba mpango huo wafanana na ule wa mata ya wavuvi wa nyangumi wa Norway, naye akadai kwamba asili ya mata ya Afrika ya Magharibi ni Ulaya. Iwe vyovyote, mpango wa kijiti wafunza jambo. Katika kifyatulio cha jino au kokwa, mkono huondoa kizuio. Katika huu, mkono huushinda msuguano wa ugwe na pengo moja kwa moja. Hakuna ngazi ya kupunguza mzigo, na kwa hiyo hali ya lile pengo, kama ni laini au limechakaa, husikika kidoleni mara moja.

V. Hesabu ya msuguano

Leonardo da Vinci, aliyekufa mwaka 1519, aliacha katika daftari zake michoro ya mata makubwa ya mtambo, na pia majaribio juu ya msuguano. Kanuni alizozigusa ziliandikwa tena na Guillaume Amontons mwaka 1699: msuguano hukua kwa kadiri ya mzigo, wala haufuati upana wa nyuso zinazogusana. Coulomb aliongeza majaribio yake mwaka 1785. Katika miaka ya 1920 William Hardy na Ida Doubleday walieleza jinsi tabaka jembamba mno la mafuta, linaloshikamana na uso wa chuma, linavyotosha kupunguza msuguano hata pale mzigo unapoyakamua mafuta mengine yote. Maelezo yao ndiyo yanayohusu kifyatulio hasa, maana kati ya jino na kizuio hakuna nafasi ya mafuta mengi kuelea.

Chukuliwe mfano wa hesabu. Kizuio cha pua chabeba mzigo wa kilo 40. Pua kavu juu ya pua yaweza kuwa na kipeo cha msuguano cha 0.6, iliyotiwa mafuta, 0.12. Ili kukitelezesha kizuio kikavu zahitajika kilo 24. Kilichotiwa mafuta, pungufu kidogo ya kilo 5. Wenzo wa kuvutia ukipunguza mara 10, kidole kitadaiwa kilo 2.4 katika hali ya kwanza na karibu nusu kilo katika hali ya pili. Hakuna kipande kilichobadilishwa, wala tupa haikugusa chuma. Tofauti yote imetoka katika usafi na tone la mafuta.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, na wengi huishia wa kwanza. Uso wa kizuio ukiwa umechakaa hata ukainama kuelekea upande wa kuponyoka, kinachouzuia usiteleze ni msuguano peke yake. Kwa kipeo cha 0.6 uso waweza kuinama hata nyuzi 31 kabla ya kuteleza. Kwa kipeo cha 0.12 hauvumilii hata nyuzi 7. Basi kifyatulio kilichochakaa kwa nyuzi 10 kitashika vizuri kikiwa kikavu na kichafu, na siku ya kusafishwa kitafyatuka chenyewe. Mwenye nacho atayalaumu mafuta. Ukweli ni kwamba uchafu ulikuwa ukifanya kazi ya kizuio, na usafi umeufichua ubovu uliokuwapo. Katika jambo hili wahenga wamekwisha kusema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo: uta ufyatukao bila ya kuamriwa hauchagui wa kumpata.

VI. Kusafisha nyumbani

Mata ya mtambo ya leo, ya michezo na ya uwindaji katika nchi ziruhusuzo, mengi huwa na nguvu za kilo 70 hadi 100, na vifyatulio vyake hufungwa katika kasha la chuma ambalo, kwa jina lingine, ni guo la Wahan. Aghalabu kasha hilo huwa pia na kilimi kinachouzuia ugwe usiende iwapo hakuna mshale, maana kupiga bila ya mshale huirudisha nguvu yote katika uta wenyewe na kuuvunja. Malalamiko ya wenye mata hayo ni yale yale ya kale: kifyatulio ni kizito, hukwama, au huvutika kwa mikwaruzo. Sababu zake nyingi si za ufundi mkubwa. Ni nta ya ugwe iliyodondoka ndani, vumbi, mafuta ya zamani yaliyoganda, na kutu ya mvua.

Utaratibu wa busara waanza kabla ya kugusa kitu. Uta huwekwa bila ya mshale na bila ya kutegwa. Maelezo ya mtengenezaji husomwa, kwa kuwa makasha mengi ya leo hayakukusudiwa kufunguliwa na mwenyewe. Kamani ndogo ikiruka, au pini ikirudishwa kinyume, hasara huzidi faida. Uzito wa kifyatulio hupimwa kwa mizani ya kamani mara kadhaa, na wastani wake ukaandikwa, lakini tu kama chombo chaweza kupimwa kwa salama kulingana na maelezo hayo. Kisha uchafu mkavu hutolewa kwa burashi laini na kwa pumzi ya hewa, na ulioganda hulainishwa kwa dawa kidogo ya kusafishia iliyotiwa kwenye kitambaa au kijiti cha pamba, isifike kwenye ugwe wala kwenye uta. Mwisho hutiwa tone moja moja la mafuta mepesi kwenye pini na kwenye nyuso zinazoteleza, na yanayozidi hufutwa yote.

Kufuta huko ndiko wengi wanakokudharau. Mafuta mengi hayalainishi zaidi, kwa sababu ile iliyoelezwa na Hardy: kazi hufanywa na tabaka jembamba lililoshikamana na chuma. Yanayobaki hukamata vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama msasa. Penye vumbi jingi hufaa unga mkavu wa grafiti au wa molibdeni kuliko mafuta. Penye baridi kali shahamu nzito huganda, na kifyatulio kilichokuwa chepesi nyumbani huwa kizito nje.

Mpaka uliopo kati ya kusafisha na kubadili hauna budi kulindwa. Nyuso za kizuio cha pua aghalabu zimekaushwa kwa moto zikawa na ngozi ngumu, na ngozi hiyo huenda ikawa nyembamba. Tupa au msasa huiondoa ngozi hiyo na hubadili mwinamo wa uso. Kifyatulio huwa chepesi kwa wiki chache, kisha chuma laini kilicho chini huliwa upesi, na ile hesabu ya nyuzi 7 ikaanza kutimia. Anayesafisha hurudisha kifaa katika hali ya siku ya kutengenezwa. Anayekwaruza hutengeneza kifaa kipya pasipo kujua vipimo vyake.

Jaribio la kwanza baada ya kusafisha hufanywa kwa mshale halisi, uta ukielekezwa kwenye shabaha nene isiyo na mtu wala mnyama nyuma yake. Kifyatulio kikivutika kwa wepesi na kushika imara, kazi imekwisha. Kikifyatuka kwa mtikisiko, au kikikataa kushika, haifai kukirudishia ukavu wake ili kishike tena kama zamani. Kitu hicho kimekwisha kusema hali yake, nacho ni cha kupelekwa kwa fundi.

VII. Hitimisho

Imeonekana kwamba mafundi wa nchi mbalimbali walipewa swali moja: jinsi gani nguvu kubwa ingojee kidole kidogo. Wachina walijibu kwa ngazi za shaba, watu wa Ulaya kwa kokwa la pembe na wenzo mrefu, Wafang kwa kijiti na mti uliopasuliwa. Katika majibu mawili ya kwanza njia ya kukifungua kifaa na kukisafisha iliwekwa ndani ya umbo lenyewe, kwa pini zichomokazo au kwa uzi ukatwao. Utunzaji, kwa hiyo, ni sehemu ya ubunifu wa kifyatulio, na historia inayouacha nje imekieleza kifaa nusu tu.

Kwa wanaochunguza lugha limebaki jambo moja la kutafakari. Mtambo na ji ni maneno yaliyotoka katika kutega na kufyatua yakapewa mashine zote. Mashine za leo hazina jino wala ukucha, na nyingi hazifyatuki. Hata hivyo maneno hayo bado yanakumbuka sharti la kwanza la kila mashine: nguvu iliyowekwa ingojee, na mahali inapongojea pawe safi.